Kwa Nini Bwana Alimponya Mmoja?

Katika sharika zetu, hasa za mijini, siku hizi wako watu walioondoka kwetu miaka kadhaa iliyopita wakaenda kwenye huduma za mitume na manabii, na sasa wamerudi. Wengine hawakuwahi kuwa Walutheri. Wamekuja kwa sababu kule walikokuwa wamechoka. Wako pia wasiorudi popote. Jumapili wanabaki nyumbani, na ukiwauliza watakuambia kwamba wameshamalizana na mambo ya kanisa. Makundi haya yote matatu yanabeba swali moja: ikiwa nilichofundishwa kuhusu Mungu hakikuwa kweli, ni kipi kinachobaki?

Swali hilo ni zito kuliko tunavyolichukulia. Mara nyingi mtu akirudi tunafurahi, tunalitaja jina lake kwenye matangazo, tunampa bahasha yenye namba mpya, basi. Hatumwulizi aliacha nini, wala kwa nini. Katika makala haya nataka tulisikilize swali lake, na nitafanya hivyo kwa kuchambua kisa kimoja cha kutoka ambacho mhusika amekiandika mwenyewe na ambacho kimesomwa na wengi: kisa cha Costi Hinn.

Kijana wa nyumbani mwa mhubiri

Benny Hinn, mhubiri wa uponyaji ambaye mikutano yake imeonyeshwa kwenye televisheni duniani kote, ni ami yake Costi. Kijana huyu alikulia Vancouver, Canada, ambako baba yake alikuwa mchungaji mwenye mafundisho hayohayo. Alipokua alifanya kazi katika huduma ya ami yake, akiwa mmoja wa wale wanaosimama nyuma ya wanaoombewa ili kuwadaka wanapoanguka. Alisafiri kwa ndege binafsi na kulala katika hoteli za kifahari. Mwaka 2017 alieleza hadharani, katika gazeti la Kikristo la Marekani, kwa nini aliyaacha mafundisho ya ukoo wake, na mwaka 2019 akatoa kitabu kizima juu ya Mungu, uroho wa mali na injili ya mafanikio.

Kutoka kwake hakukuja kwa siku moja. Anaeleza kwamba akiwa bado kijana mdogo alimwomba baba yake waende kumponya rafiki yake wa shuleni aliyepoteza nywele kwa ugonjwa wa saratani. Akajibiwa kwamba inatosha kumwombea nyumbani. Kijana akashangaa: kama tuna karama ileile ya mitume, mbona hatuendi kwa wagonjwa kama mitume walivyokwenda? Baadaye alimpenda msichana ambaye, pamoja na shinikizo lote, hakuweza kunena kwa lugha. Msichana huyo ndiye aliyemwonyesha swali la Paulo katika 1 Wakorintho 12:30, ambalo jibu lake liko wazi kwa kila msomaji: si waumini wote wanaopewa karama hiyo. Costi alikuwa amehubiriwa sura ile tangu utoto bila kuuona mstari ule.

Mwisho ukawa Yohana 5. Akiwa mhubiri kijana katika kanisa jingine alipewa kifungu hicho akiandae kwa ajili ya mahubiri. Akasoma habari za birika la Bethzatha, lenye matao matano yaliyojaa vipofu, viwete na waliopooza. Yesu anaingia, anamwendea mtu mmoja aliyekuwa mgonjwa kwa miaka 38, anamponya kwa neno, kisha anaondoka. Wengine wote wanabaki walipo. Na yule aliyeponywa hakumjua hata aliyemponya. Costi anasema alilia, kwa maana alichokuwa amefundishwa tangu utoto kilikuwa kimeanguka mbele ya macho yake.

Mambo matatu ya birikani

Kinachonivutia katika kisa hiki ni kwamba mtu huyu hakutoka kwa sababu ya kashfa. Kashfa alikuwa nazo nyumbani, akakua nazo. Kilichomtoa ni kifungu cha Biblia alichokisoma polepole. Hebu nasi tukisome.

Kwanza, pale birikani walikuwa wengi, akaponywa mmoja. Injili ya mafanikio hufundisha kwamba afya ni haki ya kila aliyeokoka, na kwamba kazi yake ni kuidai kwa kukiri kwa kinywa. Fundisho hili lina historia. Lilienezwa na wahubiri wa Marekani kama E. W. Kenyon, aliyefariki mwaka 1948, na Kenneth Hagin, aliyefariki mwaka 2003, nalo likafika kwetu kwa vitabu, kanda na satelaiti. Lakini Agano Jipya lenyewe halilijui. Paulo, ambaye kupitia kwake watu waliponywa, alimwomba Bwana mara tatu juu ya mwiba wake naye akajibiwa kwamba neema inamtosha (2 Wakorintho 12). Timotheo alikuwa na tumbo lenye kumsumbua, akashauriwa atumie mvinyo kidogo (1 Timotheo 5:23). Trofimo aliachwa Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Hakuna aliyeambiwa kwamba amekosa kukiri ushindi.

Pili, yule mgonjwa hakuwa na imani yoyote ya kujivunia. Alipoulizwa kama anataka kuwa mzima alijibu kwa malalamiko, kwamba hana mtu wa kumtia majini. Hapa ndipo penye kidonda cha wengi waliotoka huko. Mgonjwa asipopona, huduma haiwezi kukubali kwamba ahadi ilikuwa ya uongo, kwa hiyo kosa linahamishiwa kwa mgonjwa: imani yako ni ndogo, una dhambi iliyofichika, kuna laana ya ukoo. Sasa anabeba mizigo miwili, ugonjwa na hatia. Mama anazika mtoto wake, na juu ya msiba huo anarudi nyumbani akiamini kwamba yeye ndiye aliyemwua kwa kukosa imani.

Ni kweli kwamba wahubiri hawa wana mstari wa kushika hata katika sura hiihii. Katika aya ya 14 Yesu anamwonya yule mtu asitende dhambi tena, lisije likampata baya zaidi. Basi, wanasema, magonjwa hutokana na dhambi. Lakini msomaji mwaminifu hataishia hapo. Katika Yohana 9 wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake, naye Bwana anakataa yote mawili. Na kuhusu laana za ukoo, Ezekieli alikwisha kusema katika sura ya 18 kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Onyo la Yesu kwa mtu mmoja aliyemjua haligeuki kuwa kipimo cha sisi kumpima kila mgonjwa.

Hapa Katekisimo Ndogo, ambayo Luther aliiandika mwaka 1529 na ambayo wengi wetu tuliikariri tukijiandaa kwa kipaimara, inatusaidia kuliko tunavyodhani. Katika maelezo ya kifungu cha tatu tunafundishwa kwamba hata kuamini kwenyewe hatukuwezi kwa nguvu zetu. Roho Mtakatifu ndiye anayetuita kwa Injili. Ikiwa imani ni zawadi, haiwezi kuwa tena fedha ya kununulia zawadi nyingine.

Luther mwenyewe aliyaishi haya. Mwaka 1540 rafiki yake Philip Melanchthon aliugua huko Weimar hata watu wakakata tamaa. Luther akamwombea kwa nguvu, naye akapona. Mwaka 1542 binti yake mpendwa, Magdalena, aliugua akiwa na miaka 13. Luther akamwombea pia, naye akafa mikononi mwa baba yake. Ni mtu yuleyule, mwenye imani ileile. Tukimwambia kwamba mwaka 1540 alikuwa na imani kubwa na mwaka 1542 alikuwa na imani ndogo, tutakuwa tumesema jambo la kikatili, na tena la kipuuzi. Lakini ndilo wanaloambiwa wafiwa kila wiki.

Tatu, hapakuwa na malipo. Yesu hakumwambia yule mtu apande mbegu kwanza. Fundisho la mbegu ya imani, ambalo mhubiri Oral Roberts wa Marekani alilieneza sana kuanzia mwaka 1970, limegeuza sadaka ya shukrani kuwa mtaji: toa kwa nabii, subiri mavuno. Biblia ina kisa kinachojibu jambo hili moja kwa moja. Naamani aliponywa ukoma, akataka kulipa, Elisha akakataa kabisa. Gehazi, mtumishi wake, akamfuata Naamani kwa siri na kuipokea ile fedha, na ukoma ukamwangukia yeye (2 Wafalme 5). Hata Benny Hinn, mnamo Septemba 2019, alitamka mbele ya kamera kwamba kuiwekea Injili bei ni kumkosea Roho Mtakatifu. Ikiwa yeye ameweza kulisema hilo, wale wanaomwiga huku kwetu wanangoja nini?

Yaliyokosekana

Costi Hinn amefanya kazi njema. Hata hivyo naona mambo matatu ambayo kisa chake hakiyafikishi mahali panapotakiwa, na Mlutheri wa Tanzania anapokisoma inampasa ayaongeze.

La kwanza ni maskini. Costi aliyaona mambo akiwa juu jukwaani. Anajua ndege na hoteli zilivyokuwa. Aliyetoa fedha za ndege hiyo anaonekana kwa mbali tu. Kwetu sisi jambo hili linaonekana kutoka chini: nauli ya basi iliyokopwa, chupa ya mafuta ya upako, foleni tangu alfajiri. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano, wakikimbilia kukanyaga mafuta waliyoambiwa ni ya upako. Ni rahisi kuwaita wajinga. Lakini Moshi iko katika eneo ambalo Walutheri wamehubiri Injili tangu mwaka 1893. Watu walioshiba hawakanyagani kwa ajili ya mafuta. Mtu asiye na bima ya afya, mwenye mtoto mwenye kifafa, aliyezunguka hospitali mpaka akauza shamba, akisikia kwamba mahali fulani wanaponya bure au kwa sadaka ndogo, atakwenda. Anayetaka kumzuia aulize kwanza yeye mwenyewe alikuwa wapi wakati shamba linauzwa.

La pili ni haki kwa walio wema. Wako watu wengi wa kikarismatiki wasiouza mafuta wala kumtia mtu hatia kwa ugonjwa wake, wanaompenda Bwana na kuomba kwa bidii kuliko sisi. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Rwanda katika eneo la Gahini karibu na mwaka 1930 ukafika Buhaya na kwingineko, ulikuwa na machozi, nyimbo na ushuhuda wa hadharani. Hakuna aliyeuza mafuta ndani yake. Watu walitubu, wakarudisha vitu walivyoiba, wakapatana na jirani zao. Askofu Josiah Kibira, aliyekuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani kuanzia mwaka 1977, alikuwa mtoto wa uamsho huo. Kwa hiyo kipimo hakiwezi kuwa kelele au ukimya. Mwaka 1522, Luther alipoulizwa na Melanchthon juu ya manabii waliotoka Zwickau wakidai kusema na Mungu uso kwa uso, hakumwambia atazame kama wanapiga kelele. Alimwambia awaulize kama wamewahi kuonja dhiki ya rohoni. Kama kila wanachosimulia ni kitamu na cha kupendeza, wasikubaliwe. Kipimo hicho kingetosha kuwanyamazisha manabii wengi wa leo, ambao katika ushuhuda wao hakuna siku hata moja waliyoshindwa.

La tatu ndilo kubwa kuliko yote. Costi anaeleza kwamba alipotoka alimpata Mungu mwenye enzi, anayetenda apendavyo. Hilo ni kweli, na ni dawa nzuri kwa mtu aliyefundishwa kumtumia Mungu kama mtumishi wa nyumbani. Lakini kwa mama aliyezika mtoto, dawa hiyo peke yake ni chungu mno. Mungu alitaka kumponya mmoja, sawa. Na wale wengine waliobaki birikani, kwake ni nani? Mtu anayeacha injili ya mafanikio akiwa na jibu la enzi ya Mungu tu, anaweza kuwa amemwacha Mungu anayenunuliwa akaangukia kwa Mungu asiyejali. Wengi wa wale waliobaki nyumbani Jumapili wameangukia hapo.

Ndiyo maana tunapaswa kuisoma sura ya 5 mpaka mwisho. Yohana anaonyesha mambo mawili baada ya uponyaji. Kwanza, kuanzia siku ile wakuu walianza kumwudhi Yesu, na katika aya ya 18 wanatafuta kumwua. Uponyaji wa mtu mmoja ulimgharimu mponyaji. Njia ya kutoka birikani inaelekea Golgotha. Luther katika mdahalo wa Heidelberg mwaka 1518 aliiita njia hii teolojia ya msalaba: Mungu hatambulikani kwanza katika utukufu na ushindi tunaoupenda, anatambulikana katika mateso ya Kristo. Waliobaki birikani hawakuachwa na Mungu wa mbali. Mungu huyo alikuwa njiani kwenda kulala pamoja nao chini.

Pili, katika aya ya 28 na ya 29 Yesu anasema inakuja saa ambayo wote waliomo makaburini wataisikia sauti yake na kutoka. Angalieni maneno haya mawili, mmoja na wote. Sauti iliyomwamuru mmoja asimame na kujitwika godoro lake ni sauti ileile itakayowaamuru wote. Yohana huiita miujiza ya Bwana ishara, na ishara huonyesha kitu kilicho mbele yake. Yule mmoja aliponywa, kisha miaka ikapita, naye akafa kama wengine. Wanachokingoja wao pamoja naye ni kikubwa kuliko alichopewa siku ile. Hilo ndilo neno ambalo mchungaji anaweza kulisema makaburini bila kusema uongo.

Tujitazame wenyewe

Tusiyaandike haya kana kwamba ugonjwa uko kwa jirani tu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu kutoka nchi hii na nchi jirani walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Mwenye kikombe alikuwa mchungaji mstaafu wa kanisa letu, KKKT, aliyesema ameoteshwa na Mungu. Viongozi wa dini na wa serikali walikwenda. Wako wagonjwa waliofia njiani na kwenye foleni, na wako walioacha dawa za hospitali. Bei ilikuwa ndogo, na sina neno baya juu ya nia ya mzee yule. Lakini siku zile sauti ya mafundisho yetu juu ya ugonjwa na msalaba ilisikika kidogo sana, na wengi wetu tuliuliza tu barabara ikoje.

Tena, tunaposoma majina ya waliotoa na kiasi walichotoa, na kumpigia makofi aliyenunua jogoo la mnada kwa bei kubwa huku mjane mwenye mayai mawili akipita kimya, mgeni aliyetoka kwenye injili ya mbegu anaona nini? Anaona kitu anachokijua.

Tuwapokeeje?

Mtu anapokuja kwetu akitoka huko, tumsikilize kabla ya kumwandikisha. Mzee wa kanisa au mchungaji akae naye, amwulize alifundishwa nini, alipoteza nini, ni nani aliyemzika. Tusimcheke kwa kunena kwa lugha wala kwa jinsi anavyoinua mikono. Huenda maombi ndicho kitu kizuri pekee alichotoka nacho.

Tuwaombee wagonjwa. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unawaagiza wazee wa kanisa kufanya hivyo pamoja na mafuta, na agizo hilo ni letu pia. Mwaka 1545 Luther alimwelekeza mchungaji mwenzake jinsi ya kwenda na watu wema kumwombea mgonjwa na kumwekea mikono. Tukiwaachia wengine kazi hii, tusishangae wagonjwa wakiwafuata. Ila tuombe kwa unyenyekevu, bila kuahidi tusichoahidiwa, na kesho yake tumsindikize mgonjwa hospitali. Asipopona, turudi tena wiki inayofuata. Huko alikotoka, asiyepona huachwa kutembelewa.

Na tumwelekeze mahali ambapo Kristo ameahidi kuwapo pasipo kutegemea hisia za mtu. Aliyezoea kuipima neema kwa joto mwilini au kwa kuanguka, siku ambayo hahisi kitu hudhani Mungu ameondoka. Ubatizo wake haujaondoka. Kwenye Meza ya Bwana atapewa mkate na divai na kuambiwa kwamba ni kwa ajili yake, awe amelia au hakulia, awe amepona au bado anaumwa, awe na sadaka au mikono mitupu.

Costi Hinn alisoma sura moja polepole, na ilitosha kumtoa. Sisi tuliobaki ndani ya kanisa hili tuna sura hiyohiyo. Tuisome na wale wanaorudi, tuanzie kwenye birika na tusiishie hapo, mpaka tufike kwenye ile sauti inayowaita wote.